Tujifunze Kumaliza Ugomvi: Ilani ya Wanafunzi wa Sheria

Sisi ni wanafunzi wa sheria. Tumetoka vyuo mbalimbali vya Tanzania. Wengine tuko mwaka wa kwanza, wengine tunakaribia kuhitimu, na wachache tumeshavuka kwenda kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Tumekusanywa na jambo moja. Tunataka kufanya kazi ya kutatua migogoro ya madai, na tumeona kwamba tunafundishwa sana namna ya kuendesha kesi na kidogo mno namna ya kuimaliza. Kwa hiyo tunaanzisha harakati ya kujiandaa wenyewe, tukiwa bado wanafunzi, kabla mteja wa kwanza hajatukabidhi nyumba yake, shamba lake au kiinua mgongo chake.

Tunaposema migogoro ya madai tunamaanisha yale yanayomfika mtu hata kama maisha yake yote hajawahi kushtakiwa kwa jinai. Mpangaji na mwenye nyumba wanabishania kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo. Ndugu wa marehemu wamegawana vitu kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Fundi amepokea malipo ya awali, akainua ukuta hadi usawa wa dirisha, akazima simu. Mfanyakazi ameambiwa kwa mdomo kwamba Jumatatu asirudi kazini. Muuza mbolea amekopesha mzigo msimu mzima na sasa mnunuzi anasema mvua hazikunyesha. Hakuna pingu katika mambo haya, lakini ndiyo yanayowanyima watu usingizi, yanayovunja undugu na kufunga biashara.

Mlango wa kwanza

Ibara ya 107A ya Katiba yetu, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, inaitaka mahakama ifuate kanuni kadhaa inapoamua mashauri. Mojawapo ni kutochelewesha haki bila sababu ya msingi. Nyingine ni kukuza usuluhishi kati ya wanaogombana. Tunaichukua kanuni hiyo kama wajibu unaotugusa na sisi, maana mahakama haiwezi kukuza usuluhishi ikiwa mawakili wanaoingia humo hawajui kusuluhisha.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko ibara hiyo. Mwaka 1994, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, kanuni za Sheria ya Mwenendo wa Madai zilirekebishwa ili shauri lipitie usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2019 zikarekebishwa tena kwa kina. Leo msuluhishi anaweza kuwa jaji, msajili, hakimu, jaji au hakimu mstaafu, au mtu mwenye sifa ambaye wadaawa wamemchagua wenyewe, na usuluhishi wote umewekewa siku 30. Mdai asiyehudhuria bila sababu ya maana anaweza kufutiwa shauri. Mdaiwa asiyehudhuria anaweza kuondolewa utetezi wake. Mtu anaweza kushindwa kesi nzima ndani ya chumba ambacho sisi, darasani, tulionyeshwa mlango wake tu.

Kwenye ardhi ni hivyohivyo. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, kazi yake ni kupatanisha. Mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi likabakiwa na usuluhishi peke yake, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la umiliki mpaka kata ithibitishe kwamba imeshindwa kusuluhisha, au siku 30 zipite bila suluhu. Mgogoro wa kazi, tangu sheria za mwaka 2004, huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA, na humo usuluhishi hutangulia uamuzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haimruhusu mtu kuomba talaka mahakamani kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Ardhi, kazi, ndoa, mikataba. Katika yote, anayepokea ugomvi kwanza ni msuluhishi. Na wengi wetu tulikutana na usuluhishi kama mada ya mwisho ya Mwenendo wa Madai, wiki ambayo mitihani imeshabisha hodi na mwalimu anakimbizana na muhtasari.

Mwanafunzi wa sheria wa nchi hii anaijua kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969 kuliko anavyomjua mwenyekiti wa baraza la kata yake. Usiku wa manane ukimwamsha atakwambia pingamizi la awali ni nini na si nini. Ni elimu nzuri na hatuibezi. Lakini pingamizi la awali likishinda, mara nyingi linaondoa shauri na kuuacha ugomvi palepale. Faili limefungwa masijala. Shamba bado lipo, mpaka bado una utata, na majirani wawili wanarudi kijijini kwa basi moja bila kusemezana.

Oktoba 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, baada ya kutangazwa kwamba wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mjadala ule ulistahili kuwapo. Watu walizungumzia ubora wa shahada zetu, vigezo vya udahili, hata Kiingereza chetu. Sisi tunaongeza swali ambalo hatukulisikia vya kutosha: huyo atakayefaulu, akikalishwa kati ya watu wawili waliokasirika, atafanya nini katika dakika kumi za kwanza?

Tunaloamini

Tunaamini kwamba msuluhishi mzuri ni mtu anayejua kupigana mahakamani. Tunalitanguliza hili kwa sababu wapo watakaodhani tunazikimbia kesi ngumu, au kwamba tunataka sheria iwe semina ya kushikana mikono. Mdaiwa hakubali kulipa kwa kuwa umemwambia amani ni tamu. Hukubali anapoona waziwazi kitakachomfika asipokubali. Wakili asiyeweza kuandaa hati ya madai iliyosimama, asiyejua kuuliza maswali ya dodoso, asiyejua kuthibitisha nyaraka, hana cha kuweka mezani zaidi ya maneno matamu.

Kwa hiyo tunawaambia wanachama wetu wajue muda wa ukomo kama wanavyojua namba zao za simu. Madai ya mkataba, miaka 6. Madhara yasiyotokana na mkataba, miaka 3. Kurejesha ardhi, miaka 12. Kuachishwa kazi isivyo halali, siku 30 za kufika CMA. Migogoro mingine ya kazi, siku 60. Wapo wafanyakazi waliokaa wakisubiri meneja "aongee na wakubwa", wakaja kwa mwanasheria siku ya 45. Wakili anayeendelea na mazungumzo mazuri huku ukomo unapita amemwangamiza mteja wake kwa upole.

Na tunapendekeza Mwenendo wa Madai usomwe kuanzia mwisho. Darasani tunaanza na hati ya madai, tunapanda hadi hukumu, na ukazaji wa hukumu tunaugusa kama muhula umebakiza muda. Sisi katika vikundi vyetu tutaanza na ukazaji. Tutauliza: mtu huyu ana nini? Mali yake iko wapi, imeandikwa jina la nani, ina rehani? Fedha zake ziko benki gani? Dalali wa mahakama akienda, atakamata kitu gani? Hukumu ya shilingi milioni 40 dhidi ya mtu aliyekwisha kuhamisha kila kitu ni karatasi yenye mhuri. Mwanafunzi aliyeelewa hilo ataisoma hati ya madai kwa macho mengine, na akiketi kwenye usuluhishi atajua kwa nini milioni 22 zinazolipwa kweli zinaweza kumfaa mteja wake kuliko 40 za kwenye hukumu. Pia atajua ni lini zisimfae.

Hapa tueleze zoezi moja tulilolifanya, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike ilani hii. Tulijitungia kisa: mdai amekopesha shilingi milioni 12, mdaiwa amerudisha 3,600,000, gari la mdaiwa liko mikononi mwa mdai kama dhamana. Kikundi kimoja kilipewa saa moja kupatana na kuandika hati. Walipatana. Walipeana mikono kwa furaha ya kweli, wakaandika kwamba mdaiwa "atalipa kiasi kilichobaki kwa awamu kadiri hali yake itakavyoruhusu, na pande zote zitaendelea kuheshimiana." Kisha hati hiyo tukakipa kikundi cha pili, tukakiambia: miezi mitatu imepita, mdaiwa hajalipa hata senti, kazieni.

Wakashindwa. Kiasi kilichobaki ni kiasi gani, maana hati haikusema? Awamu ngapi? Ya kwanza lini? Hali yake inapimwa na nani? Gari linarudi lini, na akilikuta limegongwa? Kikundi cha pili kilikaa na hati ile jioni nzima, na kila swali waliloandika pembeni lilikuwa kesi mpya inayosubiri kufunguliwa.

Tukaiandika upya pamoja. Deni lililobaki ni shilingi 8,400,000. Litalipwa kwa awamu 12 za shilingi 700,000, kila tarehe 5 ya mwezi, kuanzia mwezi uliotajwa, kupitia akaunti iliyotajwa kwa namba, na stakabadhi ya benki ndiyo ushahidi wa malipo. Awamu ikichelewa na siku 14 zikapita, deni lote lililosalia linadaiwa mara moja bila notisi nyingine. Gari litabaki lilipo, halitatumika, kilomita zake zimeandikwa, na litakabidhiwa ndani ya siku 3 baada ya awamu ya mwisho. Kila upande utabeba gharama zake. Hati itasajiliwa mahakamani iwe tuzo ya shauri. Maneno yenyewe hayakuzidi ukurasa mmoja. Ndani ya ukurasa huo hakuna hata sentensi moja ya kupendeza, na hiyo ndiyo hati inayomwezesha mdai kulala na mdaiwa kujua siku ya kuwa huru.

Kazi hiyo ya ukurasa mmoja ndiyo tunayotaka kuijua kuliko mtu mwingine yeyote nchini.

Inahitaji hesabu. Wengi wetu tuliingia sheria tukishukuru kwamba hesabu tumeachana nayo kidato cha nne, na tunasema wazi kwamba hiyo ni hatari kwa wateja wetu. Riba ya mkopo, makato ya mshahara, likizo ambazo hazikuchukuliwa, kiinua mgongo, thamani ya kazi ambayo mkandarasi ameifanya robo tatu: ugomvi wa madai kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa tarakimu. Mwanachama wetu lazima aweze kukaa na kikokotoo, afikie jumla ileile aliyofikia mhasibu wa upande wa pili, au aonyeshe mhasibu huyo amekosea mstari gani.

Inahitaji pia miguu. Uchagani, mmea wa isale hupandwa mpakani mwa vihamba, na jani la mmea huohuo ndilo anayeomba radhi humpelekea aliyemkosea. Wazee wa huko walielewa kwamba mpaka na msamaha ni jambo moja, na hawakusuluhisha ugomvi wa mpaka wakiwa wamekaa ofisini. Ugomvi wa shamba unaeleweka ukiwa umesimama shambani, jirani akikuonyesha jiwe, mwenzake akikuonyesha kisiki cha mti uliokatwa, na mtoto wa mtu akisema jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelisahau. Sheria hairuhusu wakili kumwakilisha mtu mbele ya Baraza la Kata, na wengi wetu tumelichukua hilo kama sababu ya kutojali kinachoendelea huko. Lakini mteja anaweza kuja kwako kabla ya kwenda, na unaweza kumwandaa: apange nyaraka zake, ajue aseme nini kwanza, ajue kipi asikikubali kwa haraka ili tu aonekane mwema.

Na inahitaji Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, ila sisi bado tunafikiri kisheria kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaandika kurasa nne nzuri juu ya kanuni fulani, kisha mama wa sokoni anamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, mimi nifanyeje?" na anakwama. Mbele ya msuluhishi hakuna jaji wa kumtupia maneno mazito. Wapo watu wawili wanaotaka kuelewa. Mazoezi yetu yote yatafanyika kwa Kiswahili, na mwanachama atakayejificha nyuma ya msamiati wa kigeni tutamwomba arudie.

Pale ambapo hatutapatanisha

Hapa tunaomba tusomwe kwa makini, hasa na wale wanaotuunga mkono.

Usuluhishi unaweza kudhulumu. Mjane anakalishwa mbele ya shemeji zake na wazee wa ukoo, anaambiwa nyumba ibaki kwa upande wa marehemu ili "familia isiaibike", na akisita anakumbushwa kwamba mwenye nguvu mpishe. Anasaini. Mfanyakazi wa kiwanda anatolewa mshahara wa mwezi mmoja badala ya stahili zake zote, anapokea kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa Ijumaa. Katika karatasi zote mbili utasoma kwamba pande zimekubaliana kwa hiari. Suluhu inayomtaka mnyonge peke yake ajishushe ni dhuluma iliyoandikwa vizuri, na mwanasheria aliyeiandika ameshiriki.

Kwa sababu hiyo kila mwanachama atajifunza kusimamisha usuluhishi kwa ujasiri uleule anaojifunza kuuendesha. Hatutamshauri mtu aliyepigwa arudi kuketi na aliyempiga ili wakubaliane namna ya kuishi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 101, inataka baraza kwanza, lakini kifungu hichohicho kina hali za pekee, ikiwamo pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane. Mwanafunzi anayekijua kifungu hicho nusu anaweza kumrudisha mtu kwenye hatari. Akijue chote. Hatutapatanisha juu ya haki ya mtoto kana kwamba ni mali ya wazazi. Hatutasaidia kufunika hati ya kughushi kwa makubaliano ya siri. Na pale ambapo shauri moja linaweza kuweka msimamo utakaowalinda wengi, wapangaji wa mtaa mzima au wakulima wa skimu nzima, tutamwambia mteja ukweli huo, ingawa uamuzi ni wake.

Tunajua maswali ya kuuliza kabla mteja hajasaini, na tumekubaliana yaulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa. Unaelewa unaachia nini? Kuna mtu amekutisha? Ungekuwa na fedha za kusubiri miezi sita, ungekubali hiki? Umemweleza mtu unayemwamini? Jibu la swali la tatu ndilo linalofundisha zaidi. Mara nyingi litaonyesha kwamba anachohitaji mteja si suluhu ya haraka; anahitaji msaada wa kusubiri, na hapo mwanasheria anapaswa kujua wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wapi wilayani kwake na wanaweza kufanya nini.

Mtakula nini?

Tumeulizwa swali hili na kaka na dada zetu walioko kazini, nao wanauliza kwa nia njema. Wakili anayelipwa kwa kila siku ya kwenda mahakamani, akimaliza ugomvi ndani ya siku 30, amejipunguzia kipato. Tunajibu kwamba tatizo ni namna ya kulipana, na hilo linaweza kubadilishwa kwa makubaliano ya wazi: ada ya kazi yote iandikwe mwanzoni, iwe na sehemu ya usuluhishi inayolipwa hata kama suluhu imepatikana kikao cha kwanza. Mfanyabiashara anaelewa haraka sana thamani ya mtu aliyemwokolea miaka mitatu ya kuahirishwa. Mkulima naye anaelewa. Anayefaidika na ugomvi usioisha ni kishoka, yule anayeandika hati kwa mwananchi nje ya uzio wa mahakama bila leseni wala anuani, na atashinda soko hili daima ikiwa sisi tutashindana naye kwa kurefusha kesi.

Kazi zipo. CMA inahitaji wasuluhishi na waamuzi. Mahakama Kuu ina Kituo chake cha Usuluhishi jijini Dar es Salaam, na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kinashughulikia mirathi na mambo ya ndoa, eneo ambalo hakuna taaluma inayohitajika kuliko ya mtu anayejua kusikiliza ndugu wenye hasira. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1931, na kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa kuwathibitisha wapatanishi, wasuluhishi na waamuzi. Anayeitaka njia hiyo aanze kuzisoma kanuni hizo akiwa mwaka wa pili, ajue sifa zinazotakiwa, apange masomo yake kuzifuata. Mabenki, kampuni za bima, wakandarasi, vyama vya ushirika, halmashauri: wote wana migogoro inayooza kabatini kwa kukosa mtu wa kuichambua.

Jirani zetu nao wametembea. Kenya imeandika usuluhishi na njia za jadi katika ibara ya 159 ya Katiba yake ya mwaka 2010, ikaanza usuluhishi ulio chini ya mahakama huko Milimani, Nairobi, mwaka 2016. Rwanda ina wapatanishi wa jamii wanaoitwa abunzi, waliochaguliwa na wananchi wenzao. Tutawaandikia wanafunzi wenzetu wa huko, kwa Kiswahili pale inapowezekana, tujue nini kimewafaa na nini kimewaumiza.

Oktoba 1961 wanafunzi 14 walianza masomo ya sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kitivo cha kwanza cha chuo kikuu cha nchi hii. Nchi ilikuwa na mawakili wake wachache mno, na wao walikuwa mwanzo wa kuwapata. Leo mawakili wapo. Mwananchi mwenye shauri la madai bado anasubiri, na kusubiri kwake ndiko tunakokuchukua kama deni letu.

Tunaanza hivi

Hakuna kiingilio. Kila chuo kitakuwa na kikundi cha watu wasiozidi 15, kwa sababu zoezi la usuluhishi likizidi watu hao linakuwa maonyesho. Kikundi kitakutana mara moja kwa wiki. Wiki moja tutaandika, wiki inayofuata tutaketi mezani, na hati ya kikundi kimoja itakaziwa na kingine kama tulivyofanya kwenye kisa cha gari. Wanaume na wanawake watapokezana kiti cha msuluhishi. Wanaosoma kozi nyingine, uhasibu, upimaji ardhi, ustawi wa jamii, tutawaalika waketi nasi, maana kuna mambo wanayaona ambayo sisi hatuyaoni.

Siri ya usuluhishi ni sharti la uanachama. Yanayosemwa ndani ya kikao cha usuluhishi hayatumiki nje kama ushahidi, na hayatakuwa hadithi za bwenini wala picha za simu. Anayevunja sharti hili mara moja tu anaondoka, na haturudii kulijadili.

Walimu wetu, tunawaheshimu na tunawahitaji. Tunaomba mtupe saa mbili kwa muhula, mkisome kile tulichokiandika na mtukosoe bila huruma. Waheshimiwa mahakimu, wasajili na wasuluhishi wa CMA, tunaomba mturuhusu kuketi nyuma pale wadaawa wanaporidhia, tukiwa kimya. Wazee wa mabaraza ya kata na vijiji, shikamooni. Tunakuja kwenu kujifunza, hatuji kuwasahihisha.

Kazi ya kwanza ya kila mwanachama ni ya likizo hii inayokuja. Rudi nyumbani. Nenda ofisi ya kata, jitambulishe kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa baraza, eleza unasoma nini na omba kuhudhuria kikao kimoja cha ardhi, wahusika wakikubali. Usitoe ushauri hata ukiulizwa. Tazama nani amezungumza kwanza, nani hakuzungumza kabisa, ni swali gani lililobadilisha kikao, na kama waliondoka na kitu kilichoandikwa. Kisha andika kurasa mbili kwa Kiswahili, bila jina la mtu yeyote wala la kijiji, na mwishoni andika hati ya makubaliano ambayo ungewapa wale watu waisaini. Ukifika chuoni, wiki ya kwanza ya muhula, leta kurasa hizo kwenye kikundi. Mwenzako atapewa hati yako ajaribu kuikazia.